Kilo Tatu za Vedad

Mpendwa Bi Arlene,

Mimi ni msomaji wa safu yako ya ushauri gazetini, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo mjukuu wangu Vedad, mwenye miaka kumi na mitatu, anapanda tena mkekani kupigana mieleka na vijana wenye ndevu, na aliyeweka sahihi ni mimi.

Nimeishi Marekani miaka ishirini na tisa, baada ya vita kutufukuza Bosnia, ambako nilikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa nilikata nyama kiwandani hadi nikastaafu, na muda wote huo hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kuja kuniomba kitu. Novemba akaja kocha wa sekondari, Hoekstra, kofia mkononi, akakaa jikoni kwangu, akasema, "Mzee Hajrudin, sina mtu wa kilo arobaini na nane, kila wiki tunawapa wenzetu pointi sita za mezani, na kanuni inaniruhusu kumchukua mtoto wa shule ya kati, nyumbani kwao wakikubali." Binti yangu Senada, mama yake Vedad, ni muuguzi wa zamu mji mwingine, na ameniachia mimi karatasi za shule, akaniuliza kwenye simu, "Baba, umesoma kila kitu?" nikamjibu nimesoma, na kweli nilikuwa nimesoma, ila sikumwambia kwamba mtoto akishapanda sekondari harudi kwa wenzake wa rika msimu huo, wala kwamba Vedad ana kilo hamsini na moja.

Basi mkahawani, wazee wasiowahi kujua jina langu wakawa wananivutia kiti, "Babu yake Vedad, njoo, kahawa hii hapa," nami nikakaa, Bi Arlene, nikakaa kwa raha. Wakubwa kikosini wanamtania, "Wewe chekechea, kamba za viatu umefungwa na nani?" naye anawajibu, "Na dada yako," wanacheka, wanambeba mabegani. Ijumaa iliyopita kijana wa miaka kumi na minane alimkunja shingo mpaka mwamuzi akapiga filimbi, na garini Vedad akaniambia, "Babu, usimwambie mama. Sijaumia." Jumapili nikaoka pita, ule mkate wetu wa Kibosnia wa tabaka nyembamba uliojazwa viazi, akala vipande viwili, nikafurahi. Jana nikitaka kufua koti lake nikakuta mfukoni leso ya karatasi, na ndani yake pita yote, imetafunwa, imetemwa.

Mwaka 1993, tukiwa tumezingirwa, nilimwona marehemu mke wangu akitafuna mkate mkavu na kuutoa mdomoni ampe Senada, aliyekuwa na miaka miwili.

Nikifuta sahihi, Vedad hatakuwa na timu yoyote, na atanichukia. Nifanye nini?

Hajrudin

*

Mzee Hajrudin,

Jibu hili nimelileta mwenyewe mlangoni kwako. Gazetini litatoka baadaye, ukikubali.

Pole yangu ni ya kweli, lakini nitakusema. Wapo watoto wa darasa la nane wanaosimama na wakubwa na hawadhuriki, kwa sababu wanapanda na uzito wao wenyewe, na mama zao wanajua. Wako hana hata kimoja. Ulisoma karatasi yote, ukamsomea binti yako pale palipokufaa. Mwalimu hafanyi hivyo.

Kile kiti cha mkahawani ulistahili kupewa zamani, na ni aibu yetu kwamba ulikingoja kiasi hicho. Lakini hakikaliwi kwa njaa ya mtoto.

Mpigie Senada leo. Mwambie kanuni, uzito, shingo na leso, usijitetee. Atapiga kelele, mwache amalize. Kesho asubuhi Vedad aonwe na daktari. Kisha nenda kwa kocha kwa miguu yako, ufute sahihi. Si mtu mbaya, ila anayo mizani. Mwulize alidhani kilo tatu zilikwenda wapi.

Vedad atanuna. Mwambie kosa ni lako, si udogo wake. Mazoezini aende, daktari akiruhusu; mashindano yangoje mwakani, kwa uzito atakaokuwa nao. Na ule mkate wa bibi yake, umenisimulia mimi kabla hujamsimulia yeye. Rekebisha hilo mezani, pita ikiwa bado ya moto.

Alhamisi pointi sita zitapotea. Zilipotea kila wiki kabla ya Vedad, na kesho yake watu walikunywa kahawa. Ijumaa nenda mkahawani. Ukikuta kiti kimeondolewa, utajua hakikuwa chako.

Arlene