Kisanduku Kisichohitaji Macho

Mishi, mke mwenzangu,

Nakuita hivyo mbele za watu ili wajue. Mjukuu wa kike kwa bibi yake ni mke mwenza, na sisi wawili tumemgombania marehemu babu yako tangu wewe hujaota meno. Sasa umeniachia nyumba ya Likoni ukaenda Nairobi kuwafundisha kupiga udi watoto wasioona kama wewe, na watu wakipita barazani wananambia, "Bibi, pole kwa upweke." Pole ya nini? Mjukuu wangu ni mwalimu. Wanipe hongera, kisha wapite.

Leo nimefagia chumba chako. Lile godoro uliloliegemeza ukutani ili sauti isigonge ikarudi, sijaliondoa. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiteseka humo. Ukitaka kurekodi, ni mpaka Faki, mwana wa ami yako, awe hana zamu bandarini, kwa kuwa yeye ndiye mwenye macho ya kutazama kompyuta. Faki akifika, azana. Azana ikiisha, honi ya feri. Honi ikinyamaza, Faki ashachoka, yuwataka wali. Na wewe umekaa na udi mapajani, mdomo umeufunga. Niliumia, maana wewe si mtu wa kufunga mdomo. Umetoka kwangu.

Siku moja ukanambia, "Bibi, nataka kisanduku changu mwenyewe."

"Cha nguo?"

Ukacheka hata ukapaliwa. Ukanieleza ni kile ambacho maikrofoni na udi huchomekwa, kisha sauti ikaingia kwenye kompyuta. Nikavaa buibui, tukaenda duka la vyombo vya muziki, Changamwe.

Unamkumbuka yule kijana muuzaji, mtu wa bara? Alinigeukia mimi. "Shosho, huyu anataka gani?"

"Mimi si shosho, ni Bibi. Na huyu ana mdomo, muulize mwenyewe."

Hakukuuliza. Alileta kimoja cha kioo kitupu, chembamba, kinang'aa kama sinia ya arusi. Wallahi nilikipenda. "Hii ndiyo wasanii wanachukua siku hizi," akasema. "Ni kugusa tu."

Ukakipitisha vidole. "Niguse wapi? Kote ni sawa."

Akasema basi, mengine utayafanyia kwenye kompyuta. Ukatoa yako, ile inayokusomea kwa sauti kila kilichoandikwa, akachomeka. Ikasoma, "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kitufe cha nini, haikusema. Hata mimi nisiyejua alifu wala a ningesoma vizuri kuliko hivyo.

Lakini nilishakipenda kile kioo, basi nikatia neno langu. "Chukua hiki hiki. Mimi nitakaa kando yako. Sauti ikizidi na taa ikawa nyekundu, nitakwambia."

Ukanigeuzia uso. "Bibi, Faki awe macho yangu, na wewe uwe macho yangu. Mimi sitaki macho. Nataka kitu kisichoyahitaji."

Nikavua leso mabegani, nikamrushia muuzaji. "Jifunge macho, mwanangu. Halafu tuwashie hicho kioo chako."

"Bibi, wacha!" Ulinivuta buibui, lakini nilikusikia unacheka.

Naye, Mungu ambariki, akajifunga kweli. Akapapasa huku, akapapasa kule, akagusa pasipo pake, spika za duka zikapiga ukelele hata muuza viatu wa mlango wa pili akaja kuchungulia ni nani anayechinjwa. Kijana akafungua leso, jasho linamtoka. "Sista, nimeelewa. Sasa wewe unataka ikuwe aje?"

Hapo ndipo alipoanza kusema na wewe. Nawe ukamwambia pasi na kigugumizi. Unataka vifundo vya kuzungusha, tena vinavyokwama mwanzo na mwisho, ujue pa kuanzia. Unataka swichi zinazozama ukibonyeza na kutokeza ukibonyeza tena, kidole kishuhudie. Na kisanduku kifanye kazi kwa kuchomekwa tu, kisiombe ruhusa kwa programu isiyosomeka. Kijana akaingia nyuma, akatoka na kitu cheusi, kizito, kibaya kama tofali. Ukakishika, ukazungusha kifundo polepole mpaka kikakwama, na uso wako ukafunguka pale pale dukani.

"Na taa nyekundu?" nikauliza, ubishi haujanitoka.

"Sauti ikizidi nitaisikia inakwaruza, Bibi. Nitarudisha kifundo nyuma. Masikio ninayo."

Kuna jambo sijakwambia. Siku niliyorudi kutoka arusini Magogoni nilikuta mlango wako umefungwa, na udi unalia ndani. Faki alikuwa kazini. Chumbani hamna mtu ila wewe. Niliweka chini bakuli la biriani, nikakaa sakafuni nje ya mlango, kikohozi nikakimeza. Azana ya alasiri ikaanza, ukakatiza mwenyewe. Ikaisha, nikasikia swichi, ukaendelea mwenyewe. Mishi, nimezaa, nimeozesha, nimesifiwa na watu kwa mengi. Sijapata kuvimba kichwa kama nilivyovimba pale sakafuni.

Ulipohama ulinunua kingine, hiki ukaniachia pamoja na kompyuta yako ya zamani. "Zile nyimbo zako za vugo, Bibi, usipozirekodi arusi zetu zitaimbwa nini?" Nikakwambia mimi sikusoma, mambo hayo siyawezi. Ukanishika kidole ukakiweka juu ya kifundo. "Hapa hapana cha kusomwa." Kumbe kweli! Kitu kilichochaguliwa kwa asiyeona kimemfaa na asiyejua herufi. Nazungusha mpaka kinakwama, narudi kidogo, nabonyeza, kompyuta inanena kwamba yarekodi. Nami nanena.

Zamani nikitaka barua ni lazima mtu akae na kalamu mbele yangu, na nusu ya maneno nayameza kwa haya. Hii nimeisema peke yangu, mlango nimeufunga. Faki akitoka zamu ataisikiliza aiandike, ili na wengine wasome nikijivuna. Wewe utapata sauti yenyewe.

Nikimaliza kusema, fungua na ile sauti ya pili niliyoirekodi jana. Nimekuimbia wimbo wa vugo wa kumtoa bibi arusi ndani, pembe zake nikizigonga kwa kijiti mwenyewe. Katikati utasikia kimya. Azana ilianza, nikakatiza. Ilipoisha nikabonyeza swichi, nikaendelea.

Hakuna aliyenishika mkono.

Mke mwenzio mkubwa,
Bibi yako, Likoni