Mwajaribu Dawa au Mwanijaribu Mimi

Msambweni, Jumanne usiku

Neno moja tu, kujaribu, limenikaa rohoni kutwa nzima.

Daktari wa Kizungu, ambaye tangu Uhuru anaahidi kujifunza Kiswahili, alinitaka mimi muuguzi nimfasirie mgonjwa wetu, Bi Mwanasha wa Mkwiro. Saratani imeshamfika mapafuni. Nikamwambia kama nilivyoambiwa: kila dawa tunaijua peke yake, sasa tunajaribu kumpa mgonjwa mbili kwa pamoja.

Akanitazama. "Mwanangu, mwajaribu dawa au mwanijaribu mimi?"

Nilitamani kumpelekea daktari swali jepesi zaidi. Nikampa hilo hilo. Daktari akasema, "Mwambie ukweli. Yote mawili."

"Haya," akasema Bi Mwanasha. "Basi nami nawajaribu nyinyi. Nikianza kutapika, nitaona nani atakuja kuketi hapa."

Nilipomfasiria, daktari akacheka kidogo, na kicheko hicho kimenikera hadi sasa. Gari lake la Nairobi laondoka kesho alfajiri. Bi Mwanasha nitamdunga sindano mimi, na sijui dawa hizo zikikutana zitamfanya nini.

Kabla ya kutoka zamu nilikibeba kiti cha daktari, nikakiweka kando ya kitanda cha Bi Mwanasha.