Majina Tatu ku Mashini ya Mama Vero

Bunia, kartie Bigo

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia na mikono mbili. Uko aje? Kifua inaendelea kukusumbua na ile baridi ya Butembo, ao imetulia? Papa iko anaenda bado ku shamba, ao magoti imekataa? Siye huku tunapumua, na mu Bunia ya sasa mutu mwenye kupumua anasema asante Mungu. Mama mudogo Kahindo, mwenye ananilalisha kwake, anakusalimia sana. Amekonda, lakini mudomo yake haikukonda hata kidogo.

Maneno yako niliyapata kwa yule dada wa parokia. Unasema nafasi iko mu ndege ndogo ya kwenda Beni, unasema nipande, na unauliza ni kichwa nguvu gani hii yenye inanifungia mu muji ya vita. Usikasirike, Mama. Nafasi moja ilipita na mimi sikupanda. Acha nikueleze, kiisha utanihukumu, juu weye ndiye ulinizaa.

Unakumbuka ile kozi yenye nilikuwa nakuandikia nikicheka, kozi ya entrepreneuriat, ya kujianzishia kazi? Siye wanafunzi wa mekanike tulisema: enjenyere na biashara, wapi na wapi? Lakini mwalimu yetu, Asistanti Deo, hakutuachia. Alikuwa anaingia, anafuta ubao na mukono ya koti, anasema: "Serikali haiko na kazi ya kuwapatia. Mukingojea Serikali, dipolome itakuliwa na mende mu valizi ya nguo. Mutafute mutu mwenye iko na shida, mutengeneze chuma yenye kumaliza shida yake." Mutihani yake haikuwa ya kuandika. Kila kikundi itengeneze kitu, itafute kliyenti wa kweli, kiisha yeye mwenyewe anaenda kumuuliza ule kliyenti kama ameridhika.

Mu kikundi yetu tulikuwa watatu: mimi, Mugisa na Ngabu. Majina hii, Mama, weye uko mbali, lakini mutu wa Ituri akiisikia tu anajua huyu kabila yake ni ya upande gani na yule upande gani. Wakati ule hatukuona maana. Mugisa alikuwa mukubwa wa mwili, mwenye kuogopa mama yake kupita Mungu. Ngabu mufupi, wa kucheka ovyo, lakini ukimupatia moto ya kusude, ya kuunganisha vyuma, mikono yake inatulia sawa ya padri ku altare. Mimi walikuwa wananiita "Mama Beni" juu napenda kuamuru. Na hata hiyo Beni si kwetu, lakini utafanya nini na wajinga.

Tulitengeneza mashini ya kusaga. Motere yake ilikuwa ya zamani, ilikuwa inavuta maji ku karyere, mashimo ya zahabu kule Nizi, mpaka ikatupwa mu majani. Kliyenti yetu alikuwa Mama Vero, mujane mwenye kuuza mihogo karibu na soko, mwenye alikuwa anaibeba ku kichwa mpaka mbali kwenda kusagisha. Siku mashini iliwaka kwake, unga ikatoka nyeupe, alicheza pale pale mpaka kikwembe ikamuanguka ku kiuno. Ngabu alicheka mpaka akalala chini.

Asistanti alikuwa ametufundisha kitu kingine: kazi ya fundi iwe na jina yake juu, ili kliyenti mwingine akiona ajue nani wa kuita. Wenzetu waliandika na rangi. Siye, kiburi ya ujana, tukasema rangi itatoka. Ngabu akaandika kwa moto ya kusude, chuma juu ya chuma, maandiko kubwa, pale ku mudomo ya mashini: MASIKA, MUGISA, NGABU. Wakati Asistanti aliona, alipiga makofi. Alitupatia pointi kupita wote.

Kiisha vita ikaingia mu muji.

Sitakuandikia yote, utakosa usingizi. Jua tu kama kartie za muji ziligawanyika, huku wa majina hii, kule wa majina ile. Ngabu na mama yake walikimbia asubuhi moja na mikeka ku kichwa, na hatukujua kama walifika mahali ao walibaki mu pori. Mugisa yeye alibaki, juu wenye bunduki wa siku zile walikuwa wa upande wake. Tukasema, angalau huyu iko salama.

Mama Vero aliendelea kusaga, juu hata mu vita watu wanakula. Siku moja vijana wenye silaha walileta mahindi yao. Wakati walikuwa wanangojea, mumoja mwenye kujua kusoma akasoma. "Ngabu ni nani hapa?" Mama Vero akasema ni jina ya mashini tu, hata kamyo za mizigo zinakuwa na majina. Hawakumuamini. Ya kwangu wakaipita, siku ile hawakuwa wanatafuta mutu wa Butembo. Wakasoma na ile ingine. "Mugisa huyu ni wa kwetu. Mumulete."

Mimi nilikuwa pale, nilikuja kukaza mukanda ya motere. Wakamuleta Mugisa, wakamupatia nyundo. "Futa hiyo jina." Hakukataa kwa ukali, Mama. Alisema polepole, na ile sauti yake ya kuimba mu koro ya kanisa: "Wayaya, wakubwa zangu, mashini hii tulitengeneza watatu. Nikifuta mumoja, nitakuwa mwongo mbele ya kliyenti." Aka! Mutu gani anajibu bunduki na maneno ya kozi? Nilimufinya mukono, nikamuambia, "Mugisa, futa, ni chuma tu!" Akaniangalia sawa vile mutu anaangalia mwenye hajasoma. Wakamupiga, wakamuchukua. Kiisha mumoja wao akashika nyundo mwenyewe, akaipiga ile jina ya Ngabu mpaka ikalala. Haikuchukua hata muda ya kuchemusha chai.

Mugisa tulimuokota karibu na muto Nyamukau. Mawee, Mama. Mutoto mwenye alikuwa anaomba ruhusa hata ya kwenda ku mupira.

Matanga ya huku ni sawa ya kwetu: kila mutu akifika analia kwanza pale ku mulango, kwa sauti, mama wa marehemu amusikie, ndipo anakaa. Mwenye hakulia, hakufika. Na mwenye hakufika, watu wanajiuliza moyo yake iko aje. Asistanti alilia mpaka akaanguka, anasema kozi yake ndiyo iliua mutoto wa watu. Kiisha, wakati nilikuwa naosha sahani, mama ya Mugisa akaniuliza: "Na yule mwingine? Mwenye jina yake ilifutwa?" Nikamuambia sijui kama anaishi. Akageuza uso.

Halafu askari wa kizungu wakafika kuchunga kiwanja ya ndege, na watu wenye walikuwa mu pori wakaanza kutoka, wakajijengea vibanda vya shitingi, ile plastiki ya musaada, pale kando. Ndio pale nilisikia kama Ngabu iko. Na hii ndiyo sababu ndege ilipita bila mimi. Nani angemuambia kifo ya Mugisa? Mwingine angemuambia vibaya.

Nilienda. Amebaki mifupa. Mama yake walimuzika ku njia. Wakati aliniona akaruka, na neno yake ya kwanza: "Mugisa iko wapi? Mashini inasaga?" Nilimuambia yote, macho yangu chini. Akauliza: "Walimuambia afute jina gani?"

"Yako."

Akashika kichwa. "Angefuta, Masika! Angefuta tu! Mimi jina niko nayo ku mwili, ingeisha namna gani? Rafiki ndio sina mwingine."

Hakulia. Aliniambia hawezi kulia mu shitingi, lazima aende kulia kwa mama ya Mugisa, sawa mutu mwenye kulelewa. Nikamuambia uko wazimu, hautafika hata ku soko. Akasema basi, atakaa nayo ndani mpaka ioze.

Ile neno ilinilemea, sikujua niipeleke wapi. Mwisho nikaenda kwa mama ya Mugisa, na woga, juu angeweza kunifukuza, ao mubaya zaidi, kuwaambia wenye hawafai kusikia pale Ngabu iko. Nikamuambia yote. Alikuwa anachambua maharagi. Alimaliza sahani yote, Mama, bila kuinua kichwa, na mimi nimesimama pale. Kiisha akaamuka, akafunga kikwembe ya pili, akauliza: "Ni huku kwa ndege?"

Tukaenda. Kule ku shitingi watu walimutambua ni wa upande gani, wakaanza kunungunika, mumoja akatema mate karibu na miguu yake. Hakugeuka. Wakati Ngabu alimuona alitaka kukimbia, nilimushika shati. Yule mama akakaa chini mu vumbi mbele yake, akanyoosha miguu sawa vile mwenye matanga anakaa, akasema:

"Kule kwangu nilisikia kila mutu. Weye sikukusikia. Lia."

Ngabu akalia. Sijasikia mutu kulia vile. Na yule mama anamusikiliza tu, macho imefungwa, mpaka Ngabu akamaliza. Hakumugusa, hakumubariki. Akaamuka, akapangusa vumbi, tukarudi.

Basi Mama, sasa naweza kuja. Umuambie dada wa parokia anitafutie nafasi ku ndege ya mbele. Unisalimie Papa, na koko, yule muzee wetu mwenye kulalamika kama hatumukumbuki, namukumbuka kila siku. Umusalimie kaka yangu, yaya Paluku, na bibi yake wa ndoa mwenye alikuwa karibu kuzaa. Kama ni kijana ao binti, munijulishe. Na mama jirani mwenye kutuuzia chumvi, umuambie bado naishi.

Sitakuja na dipolome, Mama. Musiandalie enjenyere. Mutaniona tu mimi.

Ni mutoto yako, mwenye ulimubeba ku mugongo,

Masika