Mwisho wa Wimbo wa Mama

Blumenau, Brazili
3 Agosti 1887

Dada yangu mpendwa Walburga,

Pokea salamu za mdogo wako, na kabla ya yote niambie: goti linaendeleaje, na kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Mimi ni mzima, ila nimenenepa. Wananilisha soseji na mkate wa mahindi kana kwamba kuongoza kwaya ni kazi ya kupasua kuni.

Barua yako imefika. Eti unauza ng'ombe, unapanda meli mwezi wa kumi, uje tuzeeke pamoja. Nimeisoma mara nne. Tangu hapo natembea kando ya mto kama mtu aliye ndotoni. Ukungu ukitanda majini naiona Pomerania yetu tulikozaliwa, na Mama akinyonyoa bata bukini huku akiimba.

Kwaya nzima imeshajua. Leberecht mhunzi ameapa watakupokea gatini kwa wimbo ule ule wa Mama, niliowafundisha mwaka niliofika. Nimetunga nyimbo sitini hapa, lakini huo ndio wanaoutaka, harusini na makaburini. Bi Knoll, mke wa muuza soseji, hudai mama yake alimwimbia vivyo hivyo, mpaka noti ya mwisho. Nilipomkumbusha kwamba mama yake alikuwa mtu wa Saksonia, mbali na kwetu, alinijibu, "Mwalimu, wewe tunga zako, ya mama yangu niachie mwenyewe." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Dada, hapa kalamu inakuwa nzito. Mwisho wanaouimba si wa Mama. Siku ya arobaini melini niliuimba moyoni, nikafika ubeti wa mwisho, nikakuta hakuna kitu. Nilitafuta mpaka nikalia. Basi nikatunga mwisho wangu, na nilipofika nikawaambia wanakwaya ndio wa kwetu. Miaka kumi na tisa nawatazama wakitokwa machozi kwa noti zangu, na sasa hata mimi nasikia hizo tu. Za Mama unazijua wewe peke yako. Naona aibu sana.

Nakuomba, wakimaliza kuimba gatini, usiwasahihishe. Washike mikono, ulie nao ukitaka. Tukifika nyumbani nitafunga mlango, nitakumiminia kahawa, nawe uniimbie wa kweli mpaka mwisho. Sitaandika hata noti moja.

Nisalimie majirani wote, na upitie kaburini kwa Mama kabla ya kuondoka. Na ukiwa safarini uuimbe kila siku, dada, hata kama wenzako watakucheka. Wangu ulipotelea melini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ottmar