Wanawake wa Zamu ya Asubuhi

Dada Milembe,

Picha imefika. Ndiyo, ile ile. Imeingia kwenye simu yako wiki moja baada ya kuanua matanga, mchana, nikiwa nachambua mchele uani. Simu yako naiweka juu ya kabati na kila siku naichaji. Mume wangu aliniuliza naichaji ili apige nani, nikamjibu maneno ambayo hakustahili.

Imetoka kwenye lile kundi lenu la WhatsApp, la watu waliokaa Mwanza enzi za viwanda. Mimi nilikuwa nakucheka. Nilisema nyie wazee wa mjini hamna kazi, kutwa mnarushiana picha za magazeti yaliyooza: bomba la moshi, malori ya pamba kwenye foleni, timu ya mpira ya wafanyakazi na kaptula zao fupi. Sasa nazipitia moja moja, na chini ya kila picha nakukuta wewe ukiuliza swali lile lile, kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Samahanini, hakuna mwenye ile ya akina mama wakitoka getini?"

Mzee mmoja kaipata kwenye sanduku la marehemu kaka yake. Kaandika hivi: "Milembe mwanangu, hii hapa uliyotusumbua nayo. Haya, mama yako ni yupi hapo?"

Hakujua kwamba umekufa. Nilikuwa sijawaambia. Nilikaa chini kwenye vumbi na ungo wangu, na kuku wakaumaliza mchele.

Unakumbuka ukuta wetu wa Kawajense, huku Mpanda? Huo ndio ninaoukumbuka mimi, Mwanza siikumbuki, nilitoka huko nikiwa mgongoni mwako. Ya Mwanza yote umenipa wewe. Umenipa king'ora cha kiwanda cha nguo kilichowaamsha hata wasio na kazi. Umenipa magauni yenu ya vitambaa vya makosa, vile walivyouziwa wafanyakazi kwa bei ya chini, maua yamechapwa upande na ndege hawana vichwa. Umenipa Mayu, kama ulivyomwita mama mpaka mwisho, akirudi kutoka kwenye mashine za nyuzi na pamba imemjaa kichwani, na baba akimwambia, "Nimeoa msichana, jioni naletewa bibi." Halafu wewe unapanda kwenye kigoda na kumtoa pamba nywelani, kidogo kidogo, mpaka anarudi kuwa msichana.

Baadaye Mayu akafa, mimi nikiwa sijaota meno, na kiwanda kikapunguza watu, na baba akatupakia kwenye treni kuja huku kulima. Sanduku la bati lenye picha zote likapotelea Kaliua tulipobadilisha behewa. Likabaki lile karatasi la gazeti lenye picha ya akina mama wakitoka getini, Mayu akiwemo, alilolikunja baba kwenye mfuko wa koti. Akalibandika ukutani kwa uji wa muhogo, usawa wa kitanda chetu, ili tulale tukimwona.

Na shangazi, Mungu amrehemu, akaja kutusaidia kabla ya Krismasi. Baba alikuwa shambani kwenye tumbaku. Moshi wa koroboi ulikuwa umeupaka ukuta wote masizi, na shangazi hakuweza kuvumilia Krismasi ya namna ile. "Nyie watoto, mnataka wageni watucheke?" Akapika uji, akabandika magazeti mapya nyumba nzima, kama ilivyofanyika kila nyumba mtaani kwetu. Kwake lile lilikuwa gazeti kama magazeti mengine, jeusi, la zamani. Ulirudi kutoka kisimani ukakuta waziri fulani anakata utepe pale alipokuwa Mayu.

Ulijaribu kulibandua kwa maji ya moto, ukapata nusu ya waziri na udongo. Shangazi alipoelewa alikaa kwenye mkeka akalia kuliko wewe. Baba aliporudi aliupapasa ukuta, akasema, "Mwacheni. Yuko ndani, hanyeshewi." Basi kila Krismasi likaongezwa tabaka, na kila usiku ulinishika mkono ukaugusisha ukutani: "Mwambie Mayu lala salama." Nilimwambia. Nilidhani kila mtoto mama yake anakaa ukutani.

Baba alipofariki tukataka kujenga kwa matofali ya kuchoma. Ulimkataza fundi asiguse upande ule. Ukaja mwenyewe na kisu na beseni, ukakata kipande chote kama mtu anayemtoa mtoto tumboni, ukakigeuza. Mchwa. Walikuwa wameula uji wote na karatasi yote, wametuachia vijinjia vya udongo tu. Hukulia siku ile. Uliniambia, "Gazeti halichapwi moja. Liko kwa mtu." Ndipo ukaingia kwenye lile kundi.

Lilikuwa kwa mtu, dada. Ulikuwa sahihi, na haijatusaidia kitu.

Picha naiona sasa hivi ninavyoandika. Wanawake wanatoka getini, wote na vilemba vilivyofungwa kwa nyuma. Mmoja amekinga jua kwa mkono. Mmoja amegeuka kama ameitwa. Chini pameandikwa kwamba ni wafanyakazi wanawake wakimaliza zamu ya asubuhi. Jina hata moja hakuna. Ulizoea kuniambia, "Mayu anacheka pale." Wanaocheka ni watatu. Ulizoea kuniambia, "Una paji lake." Nimesimama mbele ya kioo na simu shavuni kama mwehu, nikikuza uso mmoja mmoja, na kila ninapoukuza unageuka nukta nyeusi na nyeupe. Nilipokuuliza mengine ulisema, "Ukimwona utamjua tu."

Sikumjua. Nimewatazama wote na moyo wangu haukusema chochote. Hilo ndilo linaloniua. Ningekuwa napita naye sokoni Mpanda ningempisha njia kama mgeni.

Niliwaandikia wale wazee, nikawapa taarifa yako, nikawaomba wanionyeshe. Walinipa pole nzuri sana. Halafu mmoja akasema ni wa pili kushoto, mama mmoja akarekodi sauti akasema hapana, huyo alikuwa idara ya kukunja, nilikuwa naazimana naye sufuria. Wakabishana mpaka jioni, kisha wakaanza kukumbushana king'ora kililia saa ngapi. Siwalaumu. Wana mji wao wa kuulilia.

Kidole chako kimoja kingetosha, dada. Ungekiweka tu juu ya kioo cha simu yako kilichopasuka, bila hata kusema neno. Miaka yote niliuliza Mayu alikuwaje, na hata siku moja sikuona kwamba sura yake ilikuwa imebaki kwenye kichwa kimoja tu duniani. Tumeizika pamoja nawe kule Misunkumilo, tukarudi nyumbani tukanawa mikono.

Nimeenda studio ya picha pale mjini, wamenichapia kwenye karatasi kubwa. Nimepika uji wa muhogo. Kijana wa duka aliniambia niiwekee fremu, nikamwambia kwetu tunabandika. Iko ukutani, usawa wa kitanda, na nimewakataza wanangu wasibandike kitu juu yake.

Asubuhi nikiamka nawaamkia wote kwa pamoja: shikamooni, mama zangu. Zaidi ya hapo nashindwa. Nina habari yako ya kumpa mmoja wao, na sijui nimtazame yupi.

Lala salama, dada.

Mdogo wako, wa mgongoni.