Mia na Ishirini

Kabungu,
4 Machi 2024

Mpwa wangu Imakulata,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini u mzima hapo Tabora na kazi yako ya kumchapia wakili inakwenda. Sisi wazima, mvua inapiga, mahindi yanabeba. Mama yako naye yupo vizuri. Kidonda cha mguu kinapungua, kila Jumatano nampeleka Mpanda hospitali kikasafishwe. Nakuandikia kwa karatasi, nampa kondakta wa basi, maana simu yangu imesagika kwenye ajali. Usishtuke, nimepona.

Ilikuwa Jumatano iliyopita. Niko na mama yako kwenye pikapu, naishusha kwa spidi ya mia na ishirini. Ng'ombe wa jirani yetu Ngusa wakaingia barabarani, kama arobaini hivi. Dereva mwingine angelia. Mimi nilikata kona tatu katikati yao, sikugusa hata mkia, dume moja nililiona linaniinamishia kichwa. Ndipo Enoka, yule mwenye Noa ya abiria, akanigonga kwa nyuma na kunitupa mtaroni. Nilipotoka watu wamejaa. Basi nikawaeleza jinsi nilivyoicheza, wakapiga makofi. Trafiki naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniandikia faini mbili: mwendo kasi na uzembe. Enoka hakuandikiwa kitu.

Trafiki anasema nikikubali makosa yote mawili, leseni yangu itafungiwa miezi sita. Nikikataa, niende mahakamani. Wewe unakaa na wakili, niambie lipi. Ila ujue hakimu simwogopi.

Mjomba wako,
Telesfori

Tabora,
9 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, pole sana na ajali. Mwambie mama namsalimia na ninamshukuru Mungu.

Sasa Mjomba, hiyo pikapu naijua. Ilinibeba kwenye msiba wa babu, tukapitwa na baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Mia na ishirini umeitoa wapi?

Bosi wangu anasema aliyegongwa kwa nyuma ana kesi nzuri, zaidi kama alikuwa taratibu au amesimama. Trafiki hakukupiga tochi ya kupima mwendo. Ushahidi alionao ni mdomo wako tu. Lakini ukienda kurudia hadithi ile mbele ya hakimu, utakuwa umejifunga mwenyewe. Niambie ilivyokuwa, kama unavyomwambia padri.

Mpwa wako,
Imakulata

Kabungu,
15 Machi 2024

Mpwa wangu,

Nimepata barua yako, nimecheka, halafu sikucheka. Huku wazima wote, na wewe Mungu akutunze.

Unalolitaka ni hili, ukishasoma choma. Pikapu ilikuwa imezima. Imezima kabisa, katikati ya barabara, hata mlio hakuna. Ng'ombe ndio walikuwa wananisubiri mimi. Ngusa alikuwa amekwenda pembeni kutafuta jiwe la kuzuia tairi lisirudi nyuma, kisha aje anisukume, ndipo Enoka akaja anaongea na simu.

Lakini sikiliza. Tangu siku ile naitwa Mia na Ishirini. Nikiingia kilabuni napishwa kiti. Vijana wananioshea gari bure. Leo nikasimame mahakamani, Enoka ananiangalia, niseme gari lilizima? Hapana. Nitakubali faini, wanifungie. Miezi sita ni nini? Mimi nilikaa Kapalamsenga kule ziwani miezi minane nakula samaki migebuka tu, asubuhi mchana jioni, nikarudi mnene mpaka mlango ukapanuliwa. Ngusa nimemwambia anyamaze. Kaniitikia huku anatabasamu, Msukuma yule.

Mjomba wako,
Telesfori

Tabora,
21 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Nimeongea na mama kwa simu ya Kabula, mke wa Ngusa. Nilimuuliza gari lilikuwaje siku ile. Kasema hajui, alikuwa amesinzia.

Mjomba, mama hajawahi kusinzia kwenye gari lako. Kitasa kibovu, huwa anaushika mlango kwa mikono miwili mpaka Mpanda. Nikamuuliza ukifungiwa atakwenda na nani hospitali, na mvua hii. Kasema kidonda kitazoea.

Mwisho wa kukataa faini ni mwezi huu. Sina la zaidi.

Mpwa wako,
Imakulata

Kabungu,
19 Aprili 2024

Mpwa wangu Imakulata,

Usinilaumu kwa kimya, nilikuwa na shughuli za kiserikali. Hatujambo wote, na bosi wako msalimie sana.

Nimekwenda mahakamani. Nilivaa koti la harusi. Watu walijaa mpaka dirishani, na hilo siongezi chumvi, watu wote wa Kabungu walitaka kumwona Mia na Ishirini. Hakimu, mama mmoja mpole, akaniuliza, "Mzee, ulikuwa spidi ngapi?"

Nikasema, "Mheshimiwa, sifuri."

"Na hiyo mia na ishirini?"

"Hiyo ilikuwa ya watu, Mheshimiwa."

Walicheka mpaka karani akaweka kalamu chini. Enoka ndiye alicheka kwa sauti kuliko wote, mpaka Ngusa aliposimama na kueleza habari ya jiwe na ya simu. Kisha mkaguzi wa magari akaijaribu pikapu palepale nje. Ilifika arobaini na mbili, ikatetemeka, ikazimia getini. Walioisukuma ni askari sita. Basi, wawili. Faini zangu zote zimefutwa, Enoka kaandikiwa yake, na mimi nimeambiwa nitengeneze gia na kitasa. Nimetengeneza.

Kilabuni sasa naitwa Sifuri. Kiti hawanipishi, nasimama kama watu wengine, na gari naosha mwenyewe.

Nilimuuliza mama yako kwa nini alisema amesinzia. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Kaka, ulikuwa unafurahi."

Juzi Jumatano nilimpeleka. Tulipofika kwenye ule mtaro nikapunguza mwendo, nikageuka nimwonyeshe mahali penyewe. Mikono ilikuwa mapajani, kichwa kimeegemea mlango. Amesinzia kweli.

Mjomba wako,
Telesfori