Mikono Ukutani, Gashonga

Jumamosi, Kamembe. Asubuhi mvua, mchana jua, na suruali yangu ina matope hadi magotini. Nimechoka, ila nina furaha ambayo sikuitarajia.

Niungame kwanza. Leo nimemfokea mama yangu.

Miezi mingi sasa najifunza kuchora kwa rangi za maji kutoka kwenye kitabu cha Kifaransa nilichookota sokoni, kurasa zake zimevimba kwa unyevu. Ni picha za magofu ya Warumi wa kale, zilizochorwa na Wazungu waliosafiri kwenda Roma katika karne ya kumi na nane. Matao yamebomoka, vichaka vimeota juu ya kuta, mbuzi wanajilia majani chini. Nimezinakili hadi wateja wanaokuja kuandikiwa vibao vya maduka yao wananitania: "Patron, hii salon ya nani imeanguka?"

Jumatatu fundi anabomoa nyumba yetu ya zamani Gashonga, ile ya miti na udongo, ili kaka yangu ajenge ya matofali. Nilitaka niichore kabla. Hasa ukuta wa nyuma, wenye michirizi ya vidole kwenye udongo. Papa, baba yangu, ndiye aliyeijenga. Alifariki nikiwa mdogo sana, na sina picha yake hata moja. Nimekua nikipitisha vidole vyangu kwenye michirizi ile na kumsalimia kimoyomoyo.

Juzi nikampigia mama simu kwamba nakuja kuichora. Hapo ndipo nilipokosea. Mama si mtu wa kumpokea mgeni kwenye nyumba yenye nyufa, hata mgeni mwenyewe nikiwa mimi. Nilipofika leo, karibu ukuta wote ulikuwa umekandikwa upya, bado mbichi.

Hasira zilinipanda. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mama alibaki ameshika tope mkononi. "Ulitaka batu baone ile picha, baseme maman yako ni muvivu?"

Nikamwambia amefuta mikono ya papa.

Alinikazia macho, kisha akacheka hadi akakaa chini. "Papa yako? Papa yako alisimamisha miti na kufunga kamba. Kupakaa matope ni kazi ya banamuke. Ile mikono yote ilikuwa yangu, nikiwa na mimba yako."

Niliona haya. Niliumia pia, maana miaka yote nilikuwa namsalimia mtu ambaye hakuwapo pale.

Wale wachoraji wa Roma hawakuwa na wa kumuuliza nani alijenga nini. Wajenzi walishakufa zamani. Wangu alikuwa ameketi mbele yangu, matope hadi viwiko, anajifuta machozi ya kicheko.

"Maman, endelea," nikamwambia. "Upande ule bado."

Akaendelea kukandika, nami nikamchora, mikono kwanza. Rangi zilichuruzika kidogo kwa unyevu. Sikujali.

Jumatatu nyumba itaanguka. Kesho baada ya misa narudi Gashonga, nimuulize mama juu ya mambo mengine yote ambayo nilidhani aliyafanya papa.